Parker 51 mbili za zamani Unguja, jamaa anataka laki mbili na nusu: ninunue au napigwa?

KidauChaWino

Wakuu habari za jioni. Niko Unguja kikazi mpaka Alhamisi, jana nikawa napotea potea vichochoroni Mji Mkongwe nikaingia duka moja la vitu vya kale, yale yenye saa za ukutani zilizosimama na makasha ya shaba na redio za mbao. Kwenye kabati la kioo kuna peni mbili za wino. Moja nyeusi, kofia yake ya dhahabu inang'aa kama imetoka dukani leo. Ya pili rangi ya damu ya mzee, kofia ya chuma imefubaa na imechongwa jina la mtu kwa mwandiko wa kulaza. Mwenye duka anasema zote Parker 51, nyeusi laki mbili na nusu, ile nyingine laki na nusu "kwa vile imeandikwa jina". Anasema nyeusi ilikuwa ya bwana mmoja wa Kiingereza aliyekuwa serikalini kabla ya Mapinduzi.

Sasa mimi peni za wino naziandikia kila siku, ninayo Lamy Safari na Pilot moja, lakini za zamani sijawahi kununua na sijui hata pa kuanzia kuangalia. Marehemu babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge Tanga, alikuwa na Parker mfukoni mwa shati, ukiigusa unachapwa, alipofariki peni ikapotea humo humo msibani, mnajua mambo ya msibani. Kwa hiyo moyo umeshanunua, imebaki pochi. Nataka ya kuandikia, sio ya kuweka kabatini. Nitajuaje ni nzima? Na bei ikoje?

tukuyu_boy

Laki mbili na nusu peni?? Mkuu hilo ni godoro hilo. Peni ya mia tano inaandika kilomita na ikipotea hulii. Haya endeleeni matajiri nasoma tu

Chief wa Mtaa wa Pili

Kaka usisikilize maskini wa fikra. Cheki nibu, ile ncha ya kuandikia, kama ni ya dhahabu chukua hata kwa laki tatu maana dhahabu sasa hivi bei iko juu huwezi kupata hasara. Na kama wino umeganda ndani weka kwenye maji ya moto dakika kumi unatoka wote. Chukua nyeusi, kitu kikiwa kinang'aa maana yake kilitunzwa

Mzee wa Kuchovya

Chief, shikamoo yako nimeipokea ila ushauri wako ndio umeua peni nyingi kuliko watoto wa shule. Maji ya moto usithubutu, plastiki za zamani zinajipinda na zile za ebonaiti (mpira mgumu) zinabadilika rangi kuwa kama kinyesi cha mbuzi. Maji ya kawaida tu, na tone la sabuni ya vyombo kama wino ni mkaidi, loweka nibu siku moja au mbili ukibadilisha maji. Na hiyo dhahabu ya nibu haifiki hata gramu moja, ukienda kuiuza kwa sonara hupati nauli ya boti ya kurudi Dar.

Kidau, kijana wangu, hadithi ya mwenye duka iweke pembeni kwanza. Kila Parker inayouzwa pwani hii ilikuwa ya Mwingereza, sijawahi kusikia iliyokuwa ya mwalimu wa darasa la tatu, na ndio waliokuwa nazo wengi. Parker 51 ilitoka 1941 ikatengenezwa mpaka miaka ya sabini, kwa mamilioni, kwa hiyo uzee peke yake haukupandishii bei. Unacholipia ni hali yake, maana huku hatuna fundi wala spea, kikiharibika kitu kidogo tu umeshanunua pambo.

Sasa ukirudi dukani nenda na vitu vitatu: simu yenye tochi, kioo cha kukuzia hata kile cha fundi saa, na kichupa cha wino wako mwenyewe. Omba na glasi ya maji. Akikukatalia maji, msalimie uondoke.

Anza na kofia. Kofia ya 51 haina skurubu, unaivuta tu na ukirudisha inateleza halafu inashikwa taratibu na pete ya chuma, kama mlango wa friji nzuri. Ikiwa legelege inaanguka yenyewe, ama imechoka ama sio kofia yake, watu wanachanganya sana mwili wa hii na kofia ya ile. Na ukikuta ni ya kuzungusha kwa skurubu basi hiyo ni ile waliyoitoa upya 2021, Parker halali kabisa lakini haina habari ya babu yako.

Halafu fungua mwili, zungusha sehemu ya nyuma taratibu kwa vidole, usitumie koleo hata kama imegoma. Ndani ukikuta bomba la chuma limefunika kifuko cha wino, lina uwazi ubavuni na kibapa cha kubonyeza, hiyo ni mtindo wa kuanzia 1948 na ndiyo nzuri kwako. Kile kifuko sio mpira wa kawaida ni PVC, ninazo zina miaka zaidi ya sitini kifuko bado laini, kimekuwa cha kahawia tu kwa wino. Lakini ukikuta mwili haufunguki hapo, unafunguka kitako cha nyuma na ndani kuna kijiti cha kusukuma, hiyo ni Vacumatic, ya kabla ya hapo, ina diaframu ya mpira ambayo kwa umri ule imeshaoza hata kama muuzaji anaapa. Inabadilishwa, ila kuna kifaa chake maalumu na mtu anayejua. Kwa peni ya kwanza hiyo achana nayo.

Jaribio lenyewe ni la maji. Chovya nibu yote na ile shingo (pale mbele unaposhika na vidole) kidogo, bonyeza, achia, subiri kifuko kivute, rudia mara tano sita. Inua, ifute, ielekeze kwenye glasi, bonyeza. Maji yaruke kwa nguvu kama bomba la sindano! Yakitoka matone ya kivivu mawili matatu, ama kifuko kimetoboka ama kale kamrija kembamba ka ndani kameziba au kameliwa. Kuziba kunatibika kwa kuloweka, kuliwa hakutibiki huku kwetu. Jaza tena uiache imelala juu ya karatasi ya chooni dakika kumi wakati mnaongea bei, ukiona unyevu pale shingo inapokutana na pete, bei ishuke au uondoke.

Mwisho nibu. Kwenye 51 nibu imefichwa ndani ya shingo, inaonekana ncha tu, kwa hiyo hapo ndipo kioo cha kukuzia kinahitajika. Kwenye ncha kuna kapunje ka madini magumu kameunganishwa juu ya dhahabu, hako ndiko kanakogusa karatasi. Kanatakiwa kawe kamevimba kidogo, mviringo. Kikiwa bapa kama kimesagwa kwenye sakafu, kimeisha, na kuweka kapya ni kuipeleka peni ulaya kwa bei inayozidi peni yenyewe. Chovya wino uandike nane za kulala, kubwa kubwa. Ikikwaruza ukielekea upande mmoja tu, meno mawili hayajalingana, hilo dogo linarekebishwa. Ikikwaruza kote kote ujue tatizo ni kubwa zaidi ya hilo. Na usiikandamize ati uone kama inanepa, nibu ya 51 ni ngumu kama msumari, haijatengenezwa kunepa.

Hiyo nyeusi inayong'aa sana ndiyo inanitia wasiwasi kuliko ile iliyofubaa. Usiniulize kwa nini, nenda kaiangalie.

tukuyu_boy

Mzee umeandika kama unamfanyia peni mahari 😂😂

BintiMakadara

Assalaam aleikum. Mzee kasema yote lakini nami niongeze langu la Mombasa. Baba yangu alikuwa na duka la vitabu na kalamu, nikikaa naye nikiwa mdogo, na kilichoua Parker nyingi hapa ni wino wa muhuri. Watu wakiishiwa Quink, wino wa Parker wenyewe, wamimina wino wa muhuri ama ule mweusi mzito wa kuchorea, wanasema si ni wino tu. Ukikauka humo ndani hautoki, ile 51 ndani mna kitu kama kitana kingi cha plastiki chashika wino, ukiganda kati ya zile meno ndio basi. Kwa hivyo ukifanya hilo jaribio la maji angalia rangi ya maji. Buluu ama nyeusi inayoyeyuka, alhamdulillahi. Zambarau yenye kung'aa kama mafuta juu ya maji, huo ni wa muhuri, wacha.

Na angalia nyufa jamani, hilo halikutiwa mkazo. Mimi niliwahi kununua moja kwa mtu, nikaona nibu tamu, kifuko kizima, nikalipa mbio mbio. Kufika nyumbani naandika vidole vyote buluu, kumbe shingo ina ufa mwembamba kama unywele, upande wa chini, hauonekani mpaka uelekeze kwenye taa. Nilimrudishia akanambia "dada wewe ndiye umeiangusha". Washa tochi ya simu uipitishe kwa nyuma ya shingo na kwenye mdomo wa mwili pale penye skurubu, halafu pitisha ukucha. Ukucha ukikwama ni ufa, ukipita ni mkwaruzo tu, mkwaruzo hauna neno wasuguliwa ukatoka.

otieno_inkstained

Manze hii thread iko poa sana. Swali tu, si kuna zile za Kichina zinakaa hivyo hivyo? Mimi nilinunua hapa Nairobi ati "Parker ya zamani", soo nane, nikaenda nayo nyumbani nikijiona, kumbe ni Hero.

Mzee wa Kuchovya

Zipo mwanangu, Hero 616 ndiyo maarufu, imeigwa umbo lote, shingo imeficha nibu na kubonyeza ni kule kule. Mwili ni mwembamba kidogo na mwepesi na nibu ni chuma. Sio kalamu mbaya, nina moja ya kuandikia orodha ya sokoni, ubaya ni kuiita jina la baba wa mwenzake.

Ughaibuni77

Salaam kutoka Uingereza. Huku natembelea minada ya vitu vya kale karibu kila Jumapili mke wangu amechoka kusema, kwa hiyo naweza kumsaidia Kidau kwenye upande wa bei. 51 ya kubonyeza, rangi ya kawaida, kofia ya chuma, haijafanyiwa usafi, eBay utaikuta kwenye dola 40 mpaka 70 kama una subira. Ikishapitiwa na fundi na ina dhamana inafika 100 na zaidi. Kofia ya dhahabu inaongeza lakini sio mara mbili, maana ni tabaka jembamba juu ya shaba, wenyewe wameandika rolled gold kwenye mdomo wa kofia, ukiona klipu imeanza kuonyesha wekundu wa shaba hiyo ndiyo habari yenyewe. Zinazopaa bei ni rangi adimu kama ile zambarau iliyoitwa Plum, au za mwaka wa kwanza 1941. Nyeusi na hiyo nyekundu iliyoiva ni za kawaida mno. Nyingi zilizofika Afrika Mashariki nadhani utakuta zimeandikwa Made in England, zilikuwa zinatengenezwa Newhaven, Sussex, ubora wake ni sawa na za Marekani usibabaishwe na hilo.

Kuchongwa jina kunashusha bei kwa wakusanyaji, kwa mwandishi ni punguzo la bure. Kwa mtu anayetaka kuandikia natafuta zenye majina kwa makusudi.

Sasa kitu ambacho Mzee amekigusa bila kukitaja. Kuna Parker 21. Ilitoka 1948 kama ndugu wa bei nafuu, umbo lile lile, shingo ile ile, na muuzaji asiyejua (au anayejua) anaiita 51. Plastiki yake ilikuwa duni kuliko ya 51, inapasuka pale shingoni hasa. Nibu yake sio dhahabu, rangi ya fedha. Ukiona ncha nyeupe ujue ni 21.

Mzee wa Kuchovya

Hapo kwenye nibu nyeupe nakupinga kidogo ndugu wa Ughaibuni. Kuanzia 1950 kulikuwa na 51 Special, ni 51 kamili lakini nibu yake ni ile ile ya chuma cha mchanganyiko waliyoiita Octanium. Kwa hiyo nibu nyeupe peke yake haihukumu. Hukumu iko ndani: fungua mwili, 51 kifuko kimevikwa bomba zima la chuma lenye maandishi ya maelekezo ya kujaza, 21 kifuko kimeshikwa na kibanio cha chuma kilicho wazi, kama kibano cha nywele. Ukishaviona vyote viwili mara moja huwezi kuvichanganya tena maishani.

Ughaibuni77

Nimekubali, Special niliisahau kabisa. Bomba ndio jibu.

Chief wa Mtaa wa Pili

Mimi bado nasema nyeusi

KidauChaWino

Wakuu nimerudi. Samahani kwa kimya, nimetoka dukani jana saa kumi na mbili mwenye duka ananifungia mlango mgongoni.

Niliingia na tochi, kioo cha kukuzia nimeazima kwa fundi saa pale Darajani nikaacha kitambulisho, na Quink yangu. Kuomba glasi ya maji mzee wa duka akanitazama kama nimeomba binti yake. Nikamwambia nataka kununua kweli, nionyeshe tu inakunywa. Akaleta, tena na chai juu, watu wa Unguja ustaarabu wanao.

Nikaanza na nyeusi. Kofia inashika vizuri. Kufungua mwili, kibano cha nywele!! Yaani pale pale Mzee nikakukumbuka. Nibu nyeupe. Nikamulika tochi shingoni kuna ufa mrefu kuanzia kwenye ncha mpaka karibu nusu ya shingo, na umezibwa na kitu kama gundi kikasuguliwa, ndio ule mng'ao niliokuwa nausifia. Halafu kofia ya dhahabu kumbe sio yake pia, mdomoni imeandikwa 51. Mtu amevalisha ndugu maskini kofia ya ndugu tajiri. Sikusema kitu nikairudisha taratibu kabatini, kwa kweli sidhani kama mzee alikuwa anajua, alinionyesha mwenyewe kwa furaha kabisa.

Ile nyekundu sasa. Kuifungua ilinichukua dakika kama tano imeshikamana, nikaishika na kipande cha mpira wa baiskeli alichokuwa nacho mezani ikakubali. Bomba zima la chuma, Made in England. Kubonyeza mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu likatoka povu na kitu kama matope ya buluu, halafu maji yakaanza kuwa buluu glasi nzima, buluu safi BintiMakadara, sio zambarau. Kama mara ya kumi hivi nikaielekeza kwenye glasi nikabonyeza, maji yakaruka yakapita glasi yakatua kwenye daftari la madeni la mzee. Nikaomba radhi, akacheka akasema angalau madeni mengine yamefutika.

Nibu dhahabu, kapunje kapo, kamelika kidogo upande wa kushoto. Nane za kulala zinakwaruza kidogo sana ukienda kulia, ukienda kushoto ni siagi. Shingo haina ufa. Kofia ina mbonyeo mmoja juu karibu na klipu. Tumeanza laki na nusu, nikamwonyesha mbonyeo na jina, tukamalizia laki na kumi.

Sasa hilo jina. Limeandikwa herufi za kwanza mbili na jina la ukoo, na chini yake "1959". Sio la Kizungu, ni jina la watu wa hapa hapa, sitaliweka hapa maana ukoo upo. Mzee wa duka anasema alinunua kwenye mzigo wa vitu vya nyumba moja iliyouzwa, hajui zaidi. Je nilisugue litoke au niliache?

otieno_inkstained

Wacha jina boss. Ukisugua utatoa chuma, na itakaa vibaya pale.

BintiMakadara

Usilisugue, we! Mwaka 1959 mtu wa huku kuchongewa Parker si jambo dogo, huenda alimaliza masomo ama alipandishwa cheo ama ni zawadi ya harusi. Ukiandika nayo msomee na Fatiha basi.

Chief wa Mtaa wa Pili

Mimi ningelisugua. Kila nikiandika nione jina la mtu mwingine? Hapana aisee. Ila hongera, na ile nyeusi naiondolea kauli

Ughaibuni77

Kwa dola arobaini na kitu umepata 51 nzima inayokunywa. Na umemwachia mzee kofia ya dhahabu ya 51 iliyolala juu ya 21 mbovu, hiyo kofia peke yake huku ina mteja. Ukipita tena mwulize anaiuza ngapi kofia bila peni 😄

Mzee wa Kuchovya

Safi sana. Hiyo nibu usiiguse bado. Ioshe kwa kubonyeza maji mpaka yatoke meupe, itachukua siku mbili tatu maana kile kitana cha ndani kinatunza wino wa zamani, utadhani imekwisha kesho inatoa tena. Andikia mwezi mzima ndipo uamue kama mkwaruzo unakukera, mara nyingi mkono unajifunza pembe yake. Na wino utumie huo huo Quink, usiijaribishie zile za kumetameta za siku hizi. Mara moja kwa mwezi ioshe hata kama haijaziba.

KidauChaWino

Asante Mzee, shikamoo kwa mara nyingine. Ya leo asubuhi bado inatoa buluu ya 1959, au ya mwaka wowote aliojaza mara ya mwisho. Glasi ya tatu hii. Kofia nimemtumia mtu akamwulize mzee wa duka, kasema elfu sabini. Nimecheka nimeacha.

tukuyu_boy

Kwa hiyo hizo 51 zinapatikana na kwa elfu themanini? Nauliza tu